Vigingi vya Silanga

Ilianza Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Agosti, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Saa naijua kwa sababu niliangalia simu ya mama nikitumaini kwamba ni mapema mno, na kwamba ataniambia nirudi kulala. Hakuniambia. Alikuwa ameshafunga leso kiunoni, juu ya kile kidonda cha upasuaji ambacho kwa nje kimepona lakini ndani, anasema, bado kinamvuta. Mkononi alishika fimbo tu. Jembe, spedi na karai vilikuwa vyangu.

Tulishuka hadi kwenye silanga, bwawa letu dogo la kukinga maji ya mvua. Iko chini ya mteremko, karibu na nyumbani kiasi kwamba mtu akiita kutoka jikoni unamsikia. Babu aliichimba kabla sijazaliwa na mama anasema ilikuwa ikimfika babu kifuani. Asubuhi hiyo ilikuwa kama sahani. Tope lilikuwa limekauka na kupasukapasuka, na kila mahali kulikuwa na alama za kwato zilizogeuka mawe. Njia ya kupeleka ng'ombe mnadani Tulia inapita hapo juu. Ng'ombe wakisikia harufu ya maji hawaulizi ni ya nani. Wanaingia, wanabomoa kingo, udongo unashuka, na kila mvua silanga inapungua kina. Mwaka jana maji yake yaliisha kabla hata hatujamaliza kula kunde za msimu.

Mama alichora mstari kwa fimbo. "Kutoka hapa mpaka pale. Toa tope mpaka ufikie udongo mwekundu. Tope weka huku chini, liwe ukingo."

"Yote?"

"Unataka kuacha nusu iwe kumbukumbu?"

Mama akichoka hufanya mzaha wa namna hiyo. Aliketi juu ya jiwe, mimi nikaanza.

Lazima niseme kwa nini tulikuwa tunafanya hivyo, la sivyo itaonekana kama tulipenda kazi. Mama alipasuliwa tumbo mwezi wa pili. Daktari alimwambia asibebe kitu kizito tena, na alipoulizwa kizito ni kipi, akamwonyesha jerikeni ya lita tano. Hiyo ndiyo ya mwisho. Sisi hutoa maji mtoni, mahali ambapo unachimba shimo kwenye mchanga na kungoja yajae kikombe kwa kikombe. Kwenda, kupanga foleni na kurudi ni saa moja na nusu, na mgongoni ni lita ishirini zikining'inia kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Nyumbani tuko wawili tu. Kwa hivyo muhula wa pili nilitolewa shule ya bweni nikaletwa shule ya kutwa iliyo hapa karibu. Safari moja ya maji kabla ya masomo, nyingine baadaye. Nimelala kwenye kipindi cha kemia mpaka mwalimu akaacha kuniamsha.

Mama aliahidi hivi: silanga ikichimbwa, ikiwekwa fensi, na ikishika maji ya mvua ya Novemba, yeye mwenyewe ataweza kuteka lita tano tano bila kutembea mbali, na Januari mimi nitarudi bweni. Ikishindwa, nitabaki mwaka mwingine.

Watu wakisikia hayo hudhani napenda masomo. Nayapenda kiasi. Lakini nikisema ukweli, nilichokuwa nikikitaka bweni ni kile kitanda cha chini karibu na dirisha, na kengele inayolia saa kumi na moja bila mtu kunipa jerikeni.

Nilichimba Jumatatu mpaka jua likakaa utosini, nikaenda mtoni, nikarudi nikachimba tena. Tope la juu lilikuwa gumu kama chungu, la chini lilikuwa zito na linanata kwenye spedi, hulitoi mpaka ulikwangue kwa mkono. Nilihesabu makarai mpaka hamsini nikaacha kwa sababu hesabu yenyewe ilikuwa inanichosha. Jumanne mikono ilitoa malengelenge. Jumatano yalipasuka. Mama alinifunga vitambaa vya leso kuukuu na kusema mikono ya babu pia ilianza hivyo. Mimi hata nikikasirika sauti haitoki. Nilibeba karai nikamwaga.

Kina kilikuwa kimefika magotini kwangu. Kilichobaki hakingewezwa na mtu mmoja, na mama alilijua hilo tangu mwanzo, kwa sababu Jumamosi ilikuwa zamu yetu ya mwethya.

Mwethya ni kundi la kusaidiana. La kwetu ni la kina mama kumi na wanne. Kila Jumamosi wanaenda kwenye shamba la mwenzao mmoja, wanachimba matuta au chochote alichoomba, wanakula kwake, wanaondoka. Jumamosi inayofuata ni kwa mwingine. Ukikosa kwenda kwa wenzako, zamu yako ikifika hakuna atakayekuja. Na zamu ikipita imepita, unangoja mpaka izunguke tena kwa wote. Mama alipopasuliwa ilibidi mtu akae nafasi yake, na huyo mtu ni mimi. Tangu Aprili nimekuwa nikienda na jembe la mama katikati ya wanawake wenye umri wa mama na wengine wa kumzaa mama. Wao wanachimba wakiongea juu ya waume zao. Mimi nachimba nikiangalia vidole vya miguu yangu. Wananiita Mwaitu Kanini, Mama Mdogo, kwa kunitania, kwa sababu niko pale kwa niaba ya mama. Katika miezi hiyo yote sidhani nimewaambia maneno mia moja, ukitoa salamu.

Alhamisi jioni mjomba, kaka yake mama, alifika na pikapu ya kuazima. Yeye ni fundi wa fensi kule Kalamba, upande wa Makueni. Alituletea vigingi themanini na vinne, vimefungwa mafungu na kufunikwa magunia yaliyoloweshwa. Vilikuwa vya ule mti wenye ganda jembamba linalobanduka kama karatasi, ambao ukikata tawi lake ukalichomeka ardhini kabla ya mvua, linachipua. Kwetu miti hiyo imekwisha kukatwa. Fensi yake haiozi kwa sababu ni hai, inazidi kunenepa kila mwaka, na mchwa hawali mti ulio hai.

Ijumaa asubuhi mjomba alipima. Alifunga kamba kuzunguka silanga yote, akachomeka vijiti mahali pa kila kigingi. Upande wa kuelekea nyumbani alipanga mlango wa aina ambayo sikuwahi kuiona: hauna lango wala kufuli. Ni njia nyembamba inayopinda mara mbili kama kiwiko. Mtu anapita kwa kujigeuza. Ng'ombe anaingiza kichwa na mabega, kisha hawezi kukunja mgongo, inabidi arudi nyuma.

"Na mbuzi?" nikauliza. Kwa mjomba naweza kuuliza.

"Mbuzi ni shetani, huyo hana fundi. Mtafuma miiba hapo chini."

Akaniambia nimwite mama. Akampa jerikeni ya lita tano aishike mkononi, akamwambia apite kwenye kona aliyochora, kwenda na kurudi, huku yeye akisogeza vijiti.

"Unanipima kama jeneza," mama alisema.

"Zunguka tena. Umenenepa tangu hospitali."

"Ni wewe macho yamenenepa."

Mimi nilisimama kando nikiangalia. Alikuwa anampima mama, si mimi. Mlango ule ulikuwa unatengenezwa kwa mtu mzima mwenye lita tano mkononi, siyo kwa msichana mwenye lita ishirini mgongoni. Ningepita hapo na mzigo wangu ningekwama. Sijui kama mjomba alifikiria hivyo, lakini mimi nilifikiria, na ndiyo mara ya kwanza wiki hiyo nilisikia mwili wangu mwepesi.

Kabla ya kuondoka, kwa sababu kazi ilikuwa inamngoja Kalamba, alinichukua mpaka kwenye mafungu ya vigingi. Alichomoa kimoja.

"Angalia. Huku nimekata mshazari, huku nimekata sawa. Mshazari ndio juu, maji ya mvua yateleze, yasikae yakaozesha. Kitako ni hiki kilicho sawa, ndicho kinachoingia ardhini. Ukigeuza, mti hauchipui. Utakaa hivyo hivyo ukijifanya mzima, halafu mchwa."

"Kama zizi la mbuzi," nikasema.

"Kama zizi la mbuzi."

Zizi letu la mbuzi lilipandwa na jirani mmoja aliyekuwa na haraka. Vigingi vyote vilikuwa kichwa chini. Kufikia msimu uliofuata ungeweza kuvivunja kwa goti.

"Waambie wale mama kesho," mjomba alisema. "Mama yako atakuwa jikoni. Ni wewe wa kuwaambia."

Nikasema sawa. Nilisema haraka sana, kama mtu anayemeza dawa.

Jumamosi walifika saa moja, wakiimba kutoka barabarani, majembe begani. Mwenyekiti wao ni mama mrefu, mkavu, ambaye hajawahi kuchelewa tangu nimjue. Pamoja naye alikuwa mama mwingine, mnene, anayeuza mboga sokoni Tulia na ambaye mzaha wake husikika mpaka mtoni. Nitamwita mama wa mboga. Walianza na tope. Wanawake kumi na watatu wakipokezana makarai kwa mstari, tope lile nililokuwa nimelipigania siku nne likatoka kabla ya saa nne. Walifika kwenye udongo mwekundu, wakaendelea mpaka mwenyekiti aliposimama chini na ukingo ukawa sawa na mbavu zake. Kisha walimwaga udongo wa kichuguu ambao mama alikuwa amewaomba waje nao, kila mmoja karai moja, wa kuziba chini ili maji yasinywewe na ardhi. Huo lazima uloweshwe na kukanyagwa.

"Maji," mwenyekiti akasema. "Mwaitu Kanini, chukua punda wangu."

Nikaenda mtoni na punda na jerikeni nne. Njiani nilikuwa najifunza sentensi. Mama zangu, samahani, mjomba alisema mshazari uwe juu. Nilifikiri wangekanyaga kwanza, ndipo waje kwenye vigingi. Niliisema sentensi hiyo kwa punda mara kadhaa na ilitoka vizuri. Mtoni foleni ilikuwa ndefu, shimo lilikuwa linajaza polepole, na nilikaa kwenye kivuli cha ukingo nikasinzia kidogo. Nasema ukweli. Mtu fulani alinigusa kwa kata kuniambia zamu yangu imefika.

Niliporudi, hawakuwa wamekaa kuningoja. Wangekaaje, ni mwethya. Walikuwa wameanza vigingi. Upande wote wa barabarani ulikuwa umesimama, umenyooka kwenye kamba ya mjomba, unapendeza. Na kila kigingi kilikuwa na kichwa bapa, kimekatwa sawa. Ile ncha ya mshazari ilikuwa ardhini.

Ukiwaza, utaelewa. Mtu yeyote aliyewahi kupigilia kigingi anajua ncha kali ndiyo inayoingia. Walidhani mjomba amewachongea.

"Kaka ya mama yako ana akili," mwenyekiti aliniambia, akigonga kwa kisogo cha shoka. "Ametuchongea vyote. Vinaingia kama sindano."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Hewa iliingia.

"Mmwone," akasema mama wa mboga. "Msichana wa shule anatuangalia kama karatasi ya mtihani. Tumepata ngapi, mwalimu?"

Wakacheka, si vibaya, ni kicheko cha watu waliochoka na bado wana kazi. Nilihisi masikio yanawaka. Nikasema, "Mmefanya vizuri."

Hayo ndiyo niliyoyasema. Kati ya maneno yote ya Kiswahili na ya Kikamba.

Mwenyekiti akaniambia nishike kazi ya kuwapa vigingi. Cha kwanza nilimpa kikiwa sawasawa, kitako chini, mshazari juu. Nilidhani labda atakipokea hivyo na mambo yatajirekebisha yenyewe. Alikigeuza mkononi bila hata kukitazama, huku akiongea na mwenzake, akakipigilia. Cha pili vile vile. Cha tatu, na hii ndiyo sehemu ambayo sipendi kuiandika, nilikigeuza mwenyewe kabla ya kumpa. Nilimrahisishia. Nilifanya hivyo mpaka mafungu yakaisha, upande wa shamba, upande wa nyumbani, na kona zote mbili za ule mlango wa mjomba. Nilifika mahali nikawa nageuza bila kufikiri.

Baadaye walikanyaga. Waliingia chini wakiwa miguu mitupu, wakashikana mikono, wakakanyaga udongo wa kichuguu kwa wimbo, na mimi nikamwaga maji kidogo kidogo. Ilikuwa safi. Chini palikuwa pamenyooka na kung'aa kama sakafu ya saruji. Mama alileta isyo, mahindi na maharagwe aliyoyachemsha tangu usiku, wakala wakiwa wamekaa kwenye ukingo mpya. Mama alizunguka fensi na jerikeni yake ya lita tano, tupu, akapita kwenye ile kona ya kiwiko, akageuka, akatoka upande wa pili. Wote wakampigia makofi.

"Sasa mumeo angekuwepo angepita hapo?" mama wa mboga akamuuliza.

"Angekwama kitambi mpaka leo," mama akajibu, na nilimwona akicheka huku ameshika kidonda chake. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Ni mama wa mboga peke yake anayethubutu kumtania hivyo.

Walipoondoka jua lilikuwa linashuka. Mama alikuwa ameketi mlangoni kwetu, miguu ameinyoosha.

"Wamemaliza vyote?"

"Vyote."

"Mjomba wako alisema kuna namna ya kuvipanda. Uliwaambia?"

"Ndiyo."

"Viko sawa?"

"Viko sawa."

Akaingia ndani. Nilisikia kitu kinaburutwa chini ya kitanda, nikajua ni nini kabla hajatoka nacho. Ni sanduku langu la bati la bweni. Hapaswi kuburuta kitu kama hicho. Alilileta mpaka mlangoni, akachukua kitambaa, akaanza kulipangusa vumbi. Ndani kulikuwa na buibui, na kopo la mafuta la muhula ule, limekauka. "Kufuli lilipotea wapi?" akauliza. Nikasema sijui. Nikaenda kulala bila kuoga. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba mwili ulinilazimisha kulala hata nikiwa na hayo moyoni, na hilo nalo lilinitia aibu nilipoamka.

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, nilikuwa kwenye silanga kabla ya kuona vizuri. Nilikuwa na mpango: ningevigeuza vyote mwenyewe, kimya, mama akiwa bado amelala, na hakuna ambaye angejua chochote. Nilikumbatia kigingi cha kwanza nikavuta. Hakikusogea. Nilichimbua kwa mtaimbo, nikakitikisa, nikakivuta mpaka nikaanguka nyuma nacho. Nilikigeuza, nikakichomeka, nikakishindilia kwa kisigino. Kimoja. Wale mama hawakuwa wamepanda kwa mchezo, walikuwa wameshindilia kwa kisogo cha shoka na mawe. Jua lilipochomoza nilikuwa nimegeuza vitano. Mikono ilikuwa imetoa damu pale pale palipokuwa na malengelenge. Niliketi. Nilijaribu kufanya hesabu ya sabini na tisa gawanya kwa nguvu zilizobaki, na sikutaka jibu.

Niliwaza pia kuacha. Sitajifanya sikuwaza. Niliwaza kwamba huenda vingine vingechipua kwa bahati, na kwamba mchwa wangekuja nikiwa tayari nimeshaenda. Kisha nikamwona mama peke yake na ng'ombe wa mnada wanaingia, na sanduku langu likirudi chini ya kitanda. Nikainuka.

Nyumbani kwa mwenyekiti ni mwendo mfupi ukipita juu ya mlima. Nilimkuta ameketi nje, ameshavaa nguo za kanisa, nyeupe na bluu, anapaka viatu rangi. Mimi nilikuwa na tope mpaka kwenye nywele.

"Habari ya asubuhi, mwaitu," nikasema.

"Nzuri. Kuna nini? Mama yako?"

"Mama yuko salama."

Akangoja. Aliendelea kupaka kiatu, na nadhani hilo lilinisaidia, kwamba hakuwa ananiangalia.

"Vigingi vimepandwa kichwa chini," nikasema. "Ile ncha ya mshazari ilikuwa ya juu. Haikuwa ya kuchomeka. Mjomba aliniambia niwaambie, sikuwaambia. Vikikaa hivyo havitachipua."

Burashi ikasimama.

"Vyote?"

"Vitano nimegeuza."

"Kwa hivyo jana, ulivyokuwa unanipa kimoja kimoja, ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Ukawa unanigeuzia ili nisipate taabu."

"Ndiyo, mwaitu."

Nilifikiri atanifokea, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, kufokewa naweza. Akasema, "Na mdomo ulikuwa umeuacha wapi, mtoni na jerikeni?"

Nilibandua tope lililokauka kwenye kiwiko changu.

"Zamu yenu iliisha jana," alisema. "Siwezi kuwaita wale wengine. Unajua sheria. Nikikuitia wewe, kesho kila mtu atakuwa na kitu kilichopandwa vibaya."

"Najua."

"Lakini upande wa barabarani niliupanda mimi, kwa mkono wangu." Alivua kitambaa cha kichwa akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kiatu kilichopakwa. "Ningoje nibadilishe nguo."

Njiani alipita kwa mama wa mboga na kumwita akiwa nje ya ua. Sikusikia alimwambia nini. Nilisikia tu kicheko, kirefu, kisha mlango ukibamizwa, kisha mama wa mboga akatoka na mtaimbo begani. "Mwalimu," akaniambia, "sisi tumeanguka mtihani na wewe ulikuwa na majibu mfukoni. Haya, twende marudio."

Walipanga kazi kama hivi. Mama wa mboga anachimbua kwa mtaimbo, mwenyekiti anang'oa, mimi nakipokea, nakigeuza, nakishika kikiwa kimesimama huku wao wanashindilia. Kwenye kigingi cha kwanza mwenyekiti alisimama na shoka mkononi bila kugonga.

"Wapi juu?" akaniuliza.

Nilionyesha kwa kidole.

"Mimi sitaki kidole. Jana nilikuwa na vidole vyako siku nzima."

"Juu ni huku," nikasema.

"Sijasikia," mama wa mboga akasema kutoka chini ya ukingo.

"Juu ni huku."

Akagonga. Kilichofuata hivyo hivyo, na kilichofuata. Hawakugonga hata kimoja mpaka nimesema. Mwanzoni sauti ilikuwa inakwaruza kama lango lenye kutu. Kufikia kona ya pili nilikuwa nasema tu, bila kuwaza, huku mabega yananiuma kiasi cha kutaka kulia na jasho linaingia kwenye mikono iliyochubuka. Kengele ya kanisa ililia mbali. Hakuna aliyesema kitu kuhusu kanisa.

Mama alishuka tukiwa tumefika upande wa nyumbani. Alisimama kwenye kile kiwiko, akatazama vigingi vilivyong'olewa vimelala, akawatazama wale mama wawili, kisha akanitazama mimi. Mwenyekiti aligeuka akajifanya anakagua makali ya shoka. Hakuna aliyenisaidia.

"Nilikudanganya jana," nikamwambia. "Sikuwaambia. Vyote vilikuwa kichwa chini."

Mama alijishusha polepole akaketi juu ya ukingo, mkono mmoja ubavuni, akavuta pumzi. Uso wake ulikuwa umechoka kama wangu.

"Vimebaki vingapi?" akauliza hatimaye.

"Thelathini na kimoja."

"Haya. Sema kwa nguvu, hata mimi nisikie."

Nikainama nikachukua kilichofuata, nikatafuta mshazari kwa kidole gumba, nikakisimamisha.

"Juu ni huku," nikasema.